Tairi la trela kulika ndani: angalia beringi kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama baridi ya Naivasha ndiyo iliyokula tairi la kushoto la trela yako ya boti, upande wa ndani tu. Sidhani. Baridi hupunguza upepo kweli: joto likishuka kutoka nyuzi 30 hadi 10, upepo hupungua kama PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 3 au 4. Lakini tairi lenye upepo mdogo hulika kingo zote mbili. Upande mmoja mara nyingi ni beringi (vyuma vya vigololo vinavyozungusha gurudumu) iliyolegea au ekseli (chuma kinachoshika magurudumu) iliyopinda.

Mimi ningeanza na beringi, maana trela za huku tunazizamisha baharini kila tunaposhusha boti, na chumvi haina huruma. Inua gurudumu kwa jeki, weka mkono mmoja juu na mwingine chini, tikisa. Likicheza, fungua. Yangu ilitoka na grisi nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia, vigololo vina kutu.

Beringi zikiwa nzima, mpe fundi apime ekseli. Na tafadhali, usirudi barabara ya Mombasa na tairi hilo kabla hujalikagua, hasa kama nyuzi za ndani ya mpira zimeanza kuonekana.