Mshumaa wa siagi kwenye joto la Dar

Swali: Shikamoo anti. Mi nipo Tabata, Jumamosi mawifi zangu wanakuja kula kwangu kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, sasa nimeona TikTok watu wanatengeneza mshumaa wa siagi, unawashwa katikati ya meza unayeyuka taratibu afu mnachovya mkate. Nataka niwapigie hiyo. Ila hivi siagi si itayeyuka yote kabla sijashika hata kiberiti? Na utambi nautoa wapi, nikichomoa wa mshumaa wa dukani inafaa? Nisaidie nisiumbuke.

Jibu: Marahaba mwanangu. Naanza na utambi maana ndo wenye hatari. Wa mshumaa wa dukani usiuguse kabisa, umeshalowa parafini na parafini inatokana na mafuta ghafi ya petroli, hailiwi, tena tambi nyingine zina kiwaya katikati. Wa jiko la mchina nao hapana hata kama ni mpya. Nenda Kisutu kwenye maduka ya vitu vya ibada vya Kihindu uulize tambi za pamba za diya, zile taa ndogo za udongo, wenzetu wanaziwasha kwenye samli siku zote kwaiyo ni pamba tupu. Ukizikosa chukua uzi mweupe wa pamba wa kufungia nyama, suka nyuzi tatu ziwe moja. Uzi wa cherehani achana nao, mwingi ni polyesta, ukishika moto unayeyuka na kunuka plastiki mezani kwa watu. Ukishaupata uchovye kwenye samli iliyoyeyuka, unyooshe kwenye sahani, tupa friza mpaka ukakamae, hapo utaingia kwenye siagi bila kujikunja na utashika moto mara moja.

Sasa joto. Siagi ya maziwa ikifika nyuzi 32 mpaka 35 hivi imeshakuwa mafuta, na kulegea inaanza mapema zaidi ya hapo, na Dar mchana wa mwezi wa pili tunacheza humo humo kwenye 31, 32, kwaiyo wasiwasi wako ni wa kweli. Ile minara mirefu ya kwenye video sahau, wale wanaishi kwenye baridi. We tengeneza midogo, upana wa kikombe cha kahawa tu, ikae friza, na uutoe wakati mawifi wameshanawa na mkate umeshakatwa. Mmoja unawaka mezani, wenzie wanasubiri kwenye friza. Na fanya usiku, mwanangu, mshumaa saa saba mchana wa nini?

Kutengeneza kwenyewe sio kazi. Siagi gramu 250 iache nje ilainike, usiiyeyushe jikoni, hapo ndo wengi wanaharibu. Siagi ina mafuta kama asilimia 80, kinachobaki zaidi ni maji na vile vyeupe vya maziwa, ukiiyeyusha vinajitenga vinazama chini, ikiganda tena unakuta juu mafuta chini majimaji. Ikiwa laini ivuruge na mwiko, weka kitunguu saumu ulichokikaanga mpaka kikawa na rangi kidogo, ganda la ndimu lililokwanguliwa, na pilipili mbuzi iliyotolewa mbegu kama mawifi wako ni watu wa pilipili. Kila kitu kisagike laini kabisa, kipande kikubwa kikisogea karibu na moto kinashika chenyewe na siagi nzima inaonja masizi. Jaza kwenye kikombe kidogo cha karatasi, gonga gonga mezani hewa itoke, toboa katikati na kijiti cha mshikaki, ingiza utambi, acha utokeze juu kama nusu sentimita, rudisha friza kwa muda wa saa mbili. Wakati wa kula unachana karatasi, unausimamisha kwenye sahani yenye kingo (lazima iwe na kingo, vinginevyo kitambaa chako cha meza kimekwenda), unazungushia boflo ya moto, unawasha. Feni izungushie pembeni. Na ukitaka kuuzima usipulize, funika na kikombe, moshi wa utambi unaingia kwenye siagi na mate ya mpulizaji pia.

Swali: Anti mi naona siagi bei imesimama, Blue Band si inafaa tu?

Jibu: Kula italika lakini kusimama haitasimama. Hiyo ni majarini ya mafuta ya mimea, imetengenezwa ipakike kirahisi, kwenye joto letu inalegea upesi. Kama tatizo ni bei nenda buchani uombe mafuta ya ng'ombe yale yanayozunguka figo, wengine wanakupa kwa hela ndogo sana, kata vipande vidogo, yeyusha kwa moto mdogo mpaka yabaki makapi makavu tu, chuja na kitambaa. Hii shahamu inahitaji nyuzi 40 na zaidi ndo iyeyuke, na kwa vile maji yameshakauka unaweza kuimimina ikiwa ya moto bila shida, Ulaya zamani walikuwa wanawashia nyumba nzima kwa mishumaa yake. Kwa Dar mi mwenyewe nachagua hii kuliko siagi. Tia chumvi ya kutosha, na mkate uwe wa moto kweli kweli maana ikipoa inaganda kwenye midomo. Ila uliza wageni kwanza, kuna wasiokula ng'ombe.

Swali: Wa kwangu niliutengeneza ukawa unatatarika, dakika chache ukazima. Na uliobaki naweza kuula kesho kutwa?

Jibu: Bila shaka uliweka kotmiri mbichi. Maji ya majani na moto havipatani, kotmiri nyunyizia juu ya mkate. Kama hukuweka basi angalia utambi, ukiwa mwembamba sana unazama kwenye dimbwi lake wenyewe. Uliobaki, kama una kitunguu saumu usiuache mezani mpaka asubuhi, saumu iliyofunikwa na mafuta kwenye joto inaweza kuotesha bakteria wa sumu mbaya na wala huisikii harufu. Ule wenye masizi karibu na utambi kata tupa, unaofaa weka friji usiku huo huo, kesho yake kaangia mayai au paka kwenye mahindi ya kuchoma.