Kipimo cha mkojo kinaonyesha mimba, altrasaundi haioni kitu: nifanye nini?

SWALI: Daktari, nina miaka 29 na mtoto mmoja. Hedhi yangu ya mwisho ilianza wiki 6 zilizopita. Nilipima mkojo nyumbani, ikatokea mistari miwili. Tangu juzi natokwa na matone ya damu nyeusinyeusi, na kinena kinauma upande wa kushoto; yanakuja, yanatulia, yanarudi. Nimepigwa altrasaundi ya juu ya tumbo nikaambiwa mfuko wa uzazi hauna kitu, pengine mimba bado changa, nirudi baada ya mwezi. Nimepewa dawa za maambukizi. Rafiki yangu ananiambia huenda mimba imetunga nje ya mfuko. Nitajuaje? Na kama ni kweli, haiwezi kuhamishiwa ndani?

JIBU: Dada, mwezi ni mrefu mno. Nenda leo kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji na akiba ya damu, hata kama sasa hivi maumivu yametulia. Ukifika mapokezi sema hivi: "Nina mimba ya wiki 6, naumwa tumbo upande mmoja, natokwa na damu, na altrasaundi haijaona mimba ndani ya mfuko." Muuguzi anayesikia maneno hayo manne pamoja hatakuweka kwenye foleni ya kawaida.

Sisemi kwamba tayari una mimba ya nje. Altrasaundi ya juu ya tumbo huchelewa kuiona mimba, na tarehe za hedhi nazo hupishana. Inawezekana mimba yako iko ndani na ni changa, au imeanza kuharibika. Lakini mwanamke mwenye kipimo chanya na mfuko mtupu bado hajapata jibu, na jibu hilo hutafutwa ndani ya saa 48.

Katika kila mimba 100, 1 hadi 2 hutunga nje ya mfuko wa uzazi, na zaidi ya 90 katika kila 100 ya hizo hukaa kwenye mrija wa uzazi, njia inayolileta yai kwenye mfuko. Yai hurutubishwa ndani ya mrija, kisha husukumwa na vinyweleo vidogo kuelekea kwenye mfuko, safari ya siku chache. Mrija wenye makovu hulizuia njiani. Makovu hayo mara nyingi huachwa na klamidia au kisonono, hata kama mwanamke hakuwahi kuhisi dalili. Waliopata mimba ya nje awali, waliofanyiwa upasuaji wa mirija, wanaovuta sigara na wenye zaidi ya miaka 35 wako kwenye hatari kubwa zaidi. Aliyefunga kizazi au mwenye kitanzi ni nadra kushika mimba, ila akishika, uwezekano wa kuwa nje ni mkubwa. Hata hivyo karibu nusu ya wanaopata tatizo hili hawana lolote kati ya hayo, kwa hiyo usijitoe kwenye orodha kwa sababu mtoto wa kwanza alikuja bila shida.

Ukuta wa mfuko ni mnene na hutanuka. Wa mrija ni mwembamba, na kondo la mimba huutoboa likitafuta mishipa ya damu. Mimba ikiwa kwenye sehemu nyembamba ya mrija, kupasuka hutokea zaidi kati ya wiki ya 6 na ya 8. Kwenye sehemu pana huchelewa. Ikikaa kwenye kona, pale mrija unapoingia kwenye mfuko, inaweza kufika wiki ya 12 au kupita, na ikipasuka huko damu humwagika kwa kasi kubwa.

Na hapa ndipo wengi hupotea: damu unayoiona kwenye pedi haikuonyeshi damu inayovuja. Mwanamke anaweza kutoa matone tu ukeni huku lita nzima imejikusanya tumboni. Damu hiyo ikifika juu chini ya kiwambo cha pumzi, huchokoza mshipa wa fahamu unaotokea shingoni, na maumivu yanasikika kwenye ncha ya bega, zaidi ukilala. Bega hilo halijateguka; usilipake dawa ya kuchua. Ikijikusanya nyuma ya mfuko, unahisi haja kubwa inayokusukuma chooni bila kutoa kitu. Ongeza kizunguzungu unaposimama, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, kuzirai, au maumivu makali ya ghafla kisha tumbo lote kukakamaa. Yoyote kati ya haya, hata saa nane usiku, ni safari ya hospitali mara moja. Kwa ngozi nyeusi weupe wa uso hauonekani vizuri, basi mwenzio aangalie ndani ya kope la chini, ulimi na viganja.

Wakati wa safari lala, miguu iinuliwe. Usile wala kunywa, kwa sababu huenda ukaingia chumba cha upasuaji. Usinywe dawa za kutoa mimba kwa kudhani zitasafisha: misoprostoli hukaza mfuko, haigusi mimba iliyo kwenye mrija, na damu inayotoka humfanya mtu aamini amemaliza. Kama kuna ndugu wawili wa kuchangia damu, waje nao.

Hospitalini omba altrasaundi ya kupitia ukeni. Hii hufanywa kibofu kikiwa kitupu, na kwa kawaida huona kifuko cha mimba ndani ya mfuko wa uzazi kuanzia wiki ya 5. Pamoja nayo hupimwa kiwango cha homoni ya mimba kwenye damu, kile ambacho maabara huandika hCG. Kiwango kikizidi 3,500 na mfuko bado ni mtupu, mimba ya nje inashukiwa sana. Kikiwa chini ya hapo, hurudiwa baada ya saa 48. Kwa mimba changa iliyo salama, homoni kwa kawaida hupanda kwa nusu au zaidi ndani ya muda huo. Ikipanda kidogo, au ikiganda pale pale, kuna kasoro. Kipimo kimoja peke yake hakitoshi kuamua, na kiwango kidogo si kinga, kwani mrija hupasuka hata homoni ikiwa chini. Vilevile wingi wa damu, hb, unaweza kusomeka wa kawaida saa za mwanzo za kuvuja. Mapigo ya moyo zaidi ya 100 kwa dakika yana uzito kuliko karatasi hiyo.

Kuhamisha mimba hakuwezekani, kokote duniani. Kondo likishang'olewa halishiki tena, na mimba ya kwenye mrija haiwezi kufikia kuzaliwa mtoto. Najua ni jibu zito kwa mtu aliyeitamani mimba hiyo.

Matibabu hutegemea hali. Kama mrija haujapasuka, huna maumivu makali, mimba haina mapigo ya moyo, uvimbe wa mimba kwenye mrija haujazidi sentimita 3.5 na homoni iko chini ya 5,000, unaweza kuchomwa sindano ya methotrekseti, dawa inayozuia mimba isiendelee kukua, miligramu 50 kwa kila mita mraba ya eneo la ngozi ya mwili. Homoni hupimwa siku ya 4 na ya 7, na kati ya siku hizo inatakiwa ishuke angalau asilimia 15. Siku ya 4 mara nyingi huwa juu kuliko siku ya sindano, usishtuke. Kisha hupimwa kila wiki mpaka iishe kabisa. Katika kipindi hicho acha vidonge vya foliki, pombe, diklofenaki na ibuprofeni, usikutane kimwili na mumeo mpaka uruhusiwe, na usishike mimba kwa miezi 3. Kama unaishi mbali na hospitali au huwezi kurudi kwa vipimo, mwambie daktari waziwazi, maana upasuaji utakuwa salama zaidi kwako.

Mrija uliopasuka ni upasuaji wa haraka, na mara nyingi mrija hutolewa. Uulizwe kundi lako la damu. Kama ni hasi (Rh hasi, mfano O-), utahitaji sindano ya anti-D, inayokinga mimba zako zijazo, ndani ya saa 72.

Mrija mmoja unatosha kushika mimba, na wanawake wengi huzaa baadaye. Uwezekano wa kujirudia ni karibu 1 kati ya 10, kwa hiyo siku utakapoona tena mistari miwili, panga altrasaundi ya ukeni wiki ya 6 hata kama huumwi popote.