Maini yalikwenda barazani

Mmeuliza wiki hii: "Mwanamke ale nini na afanye mazoezi gani ili awe mzima wa mwili na wa akili?" Mie nakaa Jambiani, Unguja, na kabla sijajibu nataka nijue mnamsema mwanamke gani. Wa huku kwetu hana haja ya kufundishwa kutoka jasho. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, likifika na maji yakipwa, anateremka hadi kwenye shamba lake la mwani, anainama na kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, mpaka maji yaanze kujaa, kisha anapanda nchi kavu na gunia la mwani mbichi kichwani, maji ya chumvi yanamchuruzika mgongoni. Kilimo hiki kiliingia pwani yetu ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo wakulima wake wengi ni wanawake. Mtu huyo ukimwambia avae raba akakimbie, atakuuliza umeamka salama?

Raba naziona viwanja vya Maisara jioni nikienda mjini, na kila tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi kitaifa, vikundi vinapita na fulana mpya. Sina ugomvi nao. Ila nyie mmeuliza ale nini, na mie naona swali lilikuwa nani anamwachia ale.

Dada yangu mkubwa alianguka pwani bamvua moja. Hakuzimia, alikaa tu ndani ya maji, yakamfika kifuani, na wenzake wakadhani anatafuta taitai iliyomponyoka. Kituo cha afya wakampima wingi wa damu, ikaja gramu 8 kwa desilita. Mwanamke asiye na mimba hatakiwi kuwa chini ya 12. Muuguzi, binti mdogo tu, alimweleza vizuri kuliko wakubwa wengi ninaowajua. Alimpa vidonge vya madini ya chuma, akamwambia choo kikiwa cheusi asitishike. Akamuuliza kuhusu hedhi, akamtaka apime na minyoo, kwani damu haipungui kwa chakula peke yake. Kisha akaja kwenye chakula: maini, dagaa, kunde, mchicha, na mboga azikamulie ndimu, mwili uyapate vizuri yale madini. Chai asinywe na chakula. Angoje saa moja au zaidi, maana chai inayazuia madini yasiingie mwilini. Hapo dada akacheka. Mzanzibari na boflo, mkate wetu, bila chai!

Jumamosi ile kaka yetu akaleta maini nusu kilo kutoka soko la Darajani, akasema mbele yetu sote, "Haya ya mgonjwa." Dada akayapika mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Aliyakata vipande vidogo, akayatia thomu na pilipili manga, akayakaanga kwa moto mdogo yasikauke. Harufu ikafika njiani. Nadhani ndiyo iliyomleta shemeji, ingawa yeye alisema anapita tu. Akakaribishwa barazani na kaka, na ndani tukasikia mkeka unakung'utwa.

Nikamwona dada anachukua sinia. Akapakua wali, akaupanga kama kilima, akaweka samaki wa kupaka upande mmoja. Akasita kidogo. Halafu akainua sufuria ya maini akaimimina katikati, yote, akapangusa ukingo wa sinia kwa kidole. Nikamwambia, "Dada, hayo si yako?" Akanijibu, "Mgeni atoke bila kitoweo cha maana, watu waseme nini?" Hakuna aliyemlazimisha. Barazani hawakujua, au walijua wakanyamaza, wanaume wa kwetu wana kipaji hicho. Sinia likarudi na mifupa ya samaki. Dada akajimiminia chai ya rangi, akakata boflo, akapangusia mafuta yaliyobaki kwenye sufuria, akala amesimama.

Nimeisimulia habari hii mara nyingi, na kila mara nilikuwa namlaumu shemeji. Leo naiandika naona shemeji alikula alichowekewa. Lawama ni ya sote tuliomlea msichana kwamba pakua yake ndiyo ya mwisho.

Basi chakula kwanza, mazoezi ni ya wenye nafasi? Ndivyo nilivyotaka kumalizia. Lakini siwezi kuwaficha yaliyofuata. Vidonge alimeza, damu ikapanda, kizunguzungu kikamtoka. Kilichobaki kilikuwa kichwani. Usiku halali, mtu akicheka nje anahisi anachekwa yeye. Wifi yetu mmoja akaanza kumpitia baada ya sala ya alfajiri, wanatembea hadi njia ya Paje na kurudi, mikono mitupu. Mie nilikejeli: mtu anayebeba mwani anatembea bure? Kumbe gunia ni kazi, na kule pwani kila hatua ina hesabu ya bei ya mwani na hofu ya maji kupata moto mwani ukafa. Kwenye ile njia hakuna wa kumwita, hakuna wa kumtuma, na wifi ana masikio. Usingizi ulimrudia kidogo kidogo. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima apate dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kwamba mwendo hupunguza dalili za huzuni na wasiwasi. Dada hajawahi kuzihesabu.

Kwa hiyo jibu langu, kinyume na nilivyoanza, ni atembee, hata kama anafanya kazi ya sulubu, na atembee na mwenziwe. Mwenye damu ndogo atibiwe kwanza asije akaanguka njiani. Mwenye mimba asijazane maini, vitamini A ikizidi ina madhara kwa mtoto, aulize kliniki. Asiyelala wiki nyingi, au anayetamani kufa, aende kwa daktari, matembezi hayatoshi. Na mwenye mtoto wa kunyonyesha na mume anayetaka chai yake saa kumi na mbili asubuhi, huyo simwambii kitu mpaka apatikane wa kumshikia mtoto.