Weusi wa walnati usikudanganye

Mi ni seremala, nimeanzia Tanzania kwenye mninga na mvule, sahivi niko Ohio, Marekani, na huku mbao ya heshima ni walnati nyeusi. Mteja akiitaja utadhani anataja dhahabu. Kwa mafundi mnaoanza kuigusa nina neno moja tu kubwa, ile rangi haikai.

Kiini chake, yaani ile mbao ya katikati ya gogo, kikiwa kipya ni kama kahawa ilokolea, na ukipata mbao iliyokaushwa kwa upepo taratibu utaona na uzambarau kwa mbali. Sasa mbao nyingine zikikaa kwenye mwanga zinakolea, hii inapauka. Nilitengeneza meza ya kulia nikaiweka dirishani kwangu, mama watoto akatandaza kitambaa katikati, baada ya mwaka tunakitoa, lo, chini yake bado nyeusi halafu pembeni kote rangi ya asali! Kwahiyo mwambie mteja mapema, kabla hajakupigia simu kwa hasira.

Halafu kuna ule weupe wa nje ya kiini. Viwanda vya huku vinazipika mbao kwa mvuke ili weupe ufanane na kiini, inasaidia kweli ila uzambarau nao unaondoka, inabaki kahawia ya kawaida tu. Mi nikikuta isiyopikwa nachukua, weupe nauacha ukingoni uwe ndo urembo. Kuipaka rangi siwezi, napaka mafuta au vanishi isiyo na rangi basi.

Kazini ni raha, inashika gundi, ikishakauka vizuri haipindi hovyo, randa inateleza, siyo kama mvule ambao unaweza kukutana na jiwe humo ndani likakumalizia kisu. Uzito wake ni kama kilo 600 na kidogo kwa mita ya ujazo, mtu wa mninga hatoona ugeni.

Ila maranda yake jamani. Jirani ana farasi, nikataka kumpa gunia zima atandike bandani, bahati akauliza ni ya mti gani. Kumbe farasi akilalia maranda ya walnati nyeusi kwato zinavimba kwa ndani, hata siku haiishi anaanza kuchechemea. Na usimwage kwenye nyanya, zinanyauka. Yangu sahivi nayafunga kwenye mifuko ya taka, jirani nampelekea ya msonobari.