S36.1 kwenye fomu yangu ni ugonjwa gani?

Swali: Shikamoo mama. Nilianguka na bodaboda, usukani ukanichoma chini ya mbavu za kulia. Fomu ya bima imeandikwa S36.1 na V28.4. Naumwa nini?
Dereva, Morogoro

Jibu: Marahaba mwanangu. Huo si ugonjwa, ni jeraha. Katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa na majeraha, S36 ni majeraha ya viungo vya ndani ya tumbo; .1 ni ini, kifuko cha nyongo au mrija wake, vyote kapu moja. (Wamarekani wametenganisha: S36.11 ini, S36.12 kifuko, S36.13 mrija.) V28.4 inaeleza chanzo: uliendesha pikipiki, ukaanguka barabarani bila kugongana. Nikiwa masijala niliwahi kuandika S36.0, yaani bandama, kidole kimeteleza tu. Fomu ikarudi na wino mwekundu. Yako ilinganishe na majibu ya utrasaundi.