Kichezeo cha Wawili Kichaguliwe na Wawili

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza iwapo vichezeo vya mapenzi vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wawili vina faida ya kweli, na mtu azingatie nini anapovichagua na kuvitumia. Jibu langu ni kwamba vina faida, tena kubwa, kwa sharti moja ambalo silegezi: kifaa kitakachotumiwa na wawili kichaguliwe na wawili, na mwenye neno la mwisho awe yule ambaye mwili wake ndio utakaokipokea. Zawadi ya kushtukiza inapendeza katika mambo mengine, lakini katika hili humweka mwenzako mahali pabaya, kwa kuwa anatakiwa kujibu ombi zito huku kisanduku kikiwa tayari mkononi mwake na wewe ukimtazama usoni.

Wapo wanaume wengi ambao wakisikia neno vaibreta, yaani kichezeo kinachotetema, huhisi wameambiwa kwamba hawatoshi. Siibezi hofu hiyo, ila maumbile yenyewe yanasema jambo jingine. Kinembe, ambacho ndicho kiungo cha mwanamke chenye hisia kali kuliko vyote, kichwa chake kipo nje, juu ya mlango wa uke, na sehemu yake kubwa imejificha ndani ikiukumbatia uke kwa pande mbili, kama alivyoeleza Helen O'Connell, daktari bingwa wa mfumo wa mkojo wa Australia, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1998. Uume unapoingia na kutoka hukigusa kidogo tu, na kwa wanawake wengine ni kama haukigusi kabisa. Ndiyo maana katika utafiti ulioongozwa na Debby Herbenick nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2018, uliohoji wanawake zaidi ya 1,000, ni asilimia 18 hivi tu waliosema kwamba kuingiliwa peke yake kunatosha kuwafikisha kileleni, na asilimia 37 hivi walisema kwamba bila kinembe kuguswa hawafiki. Mwanamume aliyezijua tarakimu hizi hana haja ya kukiona kifaa kama mshindani wake, kwa sababu kinafanya kazi ambayo uume haukuumbiwa. Tena wanaume wenyewe si wageni wa jambo hili: katika uchunguzi wa kitaifa wa nchi hiyohiyo uliochapishwa mwaka 2009, karibu asilimia 45 ya wanaume walisema wamewahi kutumia vaibreta, na wengi wao walikuwa na wenzi wao.

Mazungumzo yatangulie, na yasifanyike kitandani. Mada hii ikiletwa mara baada ya tendo ambalo halikwenda vizuri itasikika kama lawama, hata mzungumzaji akiwa na nia njema kiasi gani. Wakati unaofaa ni mchana, mkiwa mmevaa nguo zenu na hakuna anayetazamia lolote, na maneno yawe mepesi: "Kuna kitu nimekisoma, ningependa tukitazame pamoja, usipokipenda tutakiacha." Sehemu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo yenye uzito, na lazima iwe ya kweli. Anayejibu "sawa" huku ameinamisha macho hajakubali bado. Vilevile aliyekubali jana anaweza kukataa leo, na aliyekubali mwanzoni anaweza kusitisha katikati, kwa hiyo ni vizuri mkapatana mapema neno au ishara ya mkono ambayo ikitolewa, kila kitu kinasimama bila maswali. Kila mmoja aseme pia kile asichokitaka kabisa, kwa maana orodha ya makatazo huondoa wasiwasi kuliko orodha ya matamanio.

Kuhusu aina, mimi huwashauri wanaoanza wachukue vaibreta ndogo ya nje, inayoenea kiganjani, kabla ya kufikiria kitu kingine chochote. Haiingizwi popote, haitishi, haihitaji ustadi, na inaweza kushikwa na yeyote kati yenu katika karibu kila mkao. Jambo la kuangalia ni namna inavyotetema, wala si idadi ya mitindo iliyoandikwa kwenye boksi. Iguseni kwenye ncha ya pua, ambako ngozi huhisi upesi: ikiwa inawasha na kuvuma kwa sauti nyembamba kama mbu, itatia ganzi kinembe baada ya muda mfupi, ikiwa mtetemo wake ni mzito na wa chini, unaosikika hadi kwenye mfupa, hiyo ndiyo itakayofika ndani bila kuchosha ngozi ya juu. Tofauti hii hutokana na mota, na ndiyo inayostahili kuongezewa fedha, kuliko rangi, ukubwa au kisanduku cha mahameli.

Hatua inayofuata ni vile vifaa vyenye umbo la herufi C, ambavyo mkono mmoja mwembamba huingia ukeni na mwingine hulala juu ya kinembe, kisha uume unapita kando ya ule wa ndani. Cha aina hii kilichotangulia kupata umaarufu ni We-Vibe kutoka Kanada, kilichoingia sokoni mwaka 2008. Ubora wake ni kwamba wote wawili husikia mtetemo na mikono hubaki huru. Ugumu wake ni kwamba miili haifanani: umbali kati ya mlango wa uke na kinembe hutofautiana kati ya mwanamke na mwanamke, hivyo kinachomkaa mmoja kama alipimiwa kitamteleza mwingine. Chagueni kinachoweza kukunjwa na kubaki jinsi mlivyokikunja. Mwanamke akivae mwenyewe kwanza, akiwa amepakwa kilainishi cha kutosha, azoee kwa muda peke yake, halafu ndipo mwanamume aingie polepole, na mwendo uwe wa kusukumana karibu karibu, nyonga zikiwa zimegusana, kwa sababu mwendo mrefu wa kutoka na kurudi ndio unaokivuta nje. Ikiwa uke unahisi umebanwa mno, si kosa la mtu yeyote, na kifaa hicho kinaweza kutumika katika maandalizi tu.

Pete za uume hupunguza kasi ya damu kurudi, na hivyo husaidia uume kubaki umesimama kwa muda mrefu zaidi, na baadhi yake zina mota ndogo juu inayogusa kinembe. Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini. Pete iwe ya silikoni inayonyumbuka, isiwe ya chuma, na isikae zaidi ya dakika 20 hadi 30. Ukianza kuhisi baridi, ganzi au maumivu, au ukiona rangi imebadilika, ivue papo hapo, na kamwe usilale usingizi ukiwa nayo. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao peke yake unaweza kusababisha uume kusimama kwa saa nyingi na kuumia, asiitumie bila kuzungumza na daktari. Vivyo hivyo anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mwenye kisukari ambacho kimepunguza hisia.

Kuna kundi moja la vifaa ambalo halitajwi sana, nami ningependa litajwe zaidi. Ni pete laini na nene zinazovaliwa chini ya uume ili usiingie hadi mwisho. Kwa mwanamke anayeumia pale uume unapofika ndani kabisa, kama wengi wenye endometriosisi, yaani ugonjwa ambao tishu zinazofanana na za ndani ya mji wa mimba huota nje yake, pete hizo zinaweza kumfanya aache kukunja uso na kuhesabu dakika. Maumivu yenyewe yachunguzwe hospitalini, lakini si lazima wawili wasitishe kila kitu wakisubiri majibu.

Sasa nije kwenye malighafi, ambako naona watu hudanganyika kuliko mahali pengine. Mwaka 2006 mamlaka ya mazingira ya Denmark ilichunguza kemikali zilizomo katika vichezeo vilivyokuwa vikiuzwa nchini humo, na katika baadhi yake zilikutwa fthalati, yaani kemikali za kulainisha plastiki, nyingine zikiwa kwa kiasi kikubwa sana. Kiwango cha kimataifa kinachohusu usalama na usanifu wa vichezeo hivi, ISO 3533, kilitolewa mwaka 2021 tu. Kwa hiyo msitarajie kwamba kila kinachouzwa kimekaguliwa na mtu. Silikoni halisi, chuma kisichoshika kutu, kioo kigumu kinachostahimili joto, na plastiki ngumu ya ABS havina vitundu vidogo vidogo, kwa hiyo vijidudu havipati pa kujificha. Zile plastiki laini zinazong'aa kama jeli, zinazonata mkononi na kutoa harufu ya pazia jipya la bafuni, ziacheni dukani, hata zikiwa za bei ya chini. Kifaa kilichoanza kunata, kupasuka au kubadilika rangi baada ya kukaa kabatini kitupwe, wala hakuna dawa ya kukifufua.

Kilainishi si cha wenye matatizo pekee. Ukavu huja kwa uchovu, kunyonyesha, dawa mbalimbali na ukomo wa hedhi, nao hausemi lolote kuhusu mapenzi ya mtu. Kwa vichezeo vya silikoni tumieni kilainishi cha maji, maana cha silikoni kinaweza kuharibu uso wa kifaa. Mafuta ya aina yoyote, yakiwemo ya nazi na ya mgando, hudhoofisha kondomu za mpira wa lateksi hadi zikapasuka. Shirika la Afya Duniani, pamoja na washirika wake, lilishauri mwaka 2012 kwamba kilainishi cha ukeni kiwe na pH, yaani kipimo cha uchachu, ya karibu 4.5, na osmolaliti yake, yaani kipimo cha wingi wa chembe zilizoyeyuka ndani yake, isizidi 1,200, ingawa kinachofaa zaidi ni kilicho chini ya 380; kikizidi sana hunyonya maji kwenye ngozi laini ya ndani na kuiumiza. Tarakimu hizo baadhi ya watengenezaji huziandika kwenye chupa au kwenye tovuti zao, na ningempa fedha yangu anayeziandika kabla ya asiyeziandika. Epukeni pia vile vya kutia ganzi, kwa sababu maumivu ndiyo mlinzi wenu, na aliyetiwa ganzi hawezi kujua kwamba anaumia.

Kwa wanaopenda kutumia njia ya haja kubwa, kanuni ni chache na hazina mjadala. Kifaa kiwe na kitako kipana kuliko sehemu inayoingia, kwani misuli ya huko inaweza kuvuta kitu ndani, na njia hiyo haina mwisho wa karibu kama uke. Kilainishi kiwe kingi, kwa kuwa njia hiyo haijilainishi. Na kilichoingia huko kisiingizwe ukeni mpaka kioshwe kikamilifu, au kondomu iliyokifunika ibadilishwe. Kondomu ibadilishwe vilevile kifaa kinapohama kutoka mwilini mwa mmoja kwenda kwa mwingine, kwa kuwa magonjwa ya zinaa, virusi vya HPV vikiwemo, na vijidudu vingine vinaweza kusafiri juu yake.

Usafi wa kawaida ni maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kabla na baada ya matumizi, kisha kukausha kabisa na kuhifadhi katika mfuko wake mbali na vifaa vingine. Silikoni, chuma na kioo visivyo na mota huweza kuchemshwa kwa dakika chache, vioo vikiachwa vipoe vyenyewe. Chenye mota kikiwa na alama ya IPX7 kinastahimili kuzamishwa katika maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa, ila hakichemshwi.

Wenzi wanaoishi mbalimbali huvutiwa na vifaa vinavyoongozwa kwa simu, nami naiona faida yake. Wasome kwanza masharti ya programu. Watumiaji wa We-Vibe walifungua kesi nchini Marekani mwaka 2016 wakidai kwamba programu yake ilikusanya taarifa za namna walivyokitumia kifaa bila ridhaa yao, na mwaka 2017 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 3.75 bila kukiri kosa. Fungueni akaunti bila majina yenu halisi, na kama programu haihitajiki ili kifaa kiwake, msiiweke.

Yapo mambo yanayodai ushauri wa mtaalamu kwanza: ujauzito wenye kutokwa damu au kondo la nyuma lililokaa chini, upasuaji wa karibuni, na kwa vifaa vinavyopitisha umeme kwenye ngozi, kuwa na kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Damu isiyo ya hedhi, maumivu yasiyoisha au uchafu wenye harufu baada ya matumizi viangaliwe kliniki. Na ikitokea kitu kimepotelea ndani ya njia ya haja kubwa, msijaribu kukitoa kwa koleo wala kijiko, wala msinywe dawa ya kuharisha. Nendeni hospitali siku hiyohiyo, tena nyote wawili, kwa sababu daktari atataka kujua kina umbo gani, ukubwa gani, kimetengenezwa kwa nini na kiliingia saa ngapi, na mwenye maumivu huenda asiweze kuyaeleza yote hayo peke yake.