Nimonia imefikaje kwenye moyo wa baba mdogo?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba mdogo wangu ana miaka 54, tunaishi Ngamiani, Tanga. Aliugua nimonia, akameza vidonge vya duka la dawa siku tatu, akapata nafuu akaacha. Homa ikarudi, akawa anahema. Hospitali wamesema bakteria wa nimokokasi wameingia kwenye vali ya moyo, atachomwa sindano mwezi mzima. Moyo haujawahi kumsumbua. Imekuwaje? Na sasa homa imekwisha, hatuwezi kumalizia na vidonge nyumbani?

JIBU: Marhaba. Nianze na la mwisho: sindano zisiishie njiani, hata kama mgonjwa ameshaanza kudai wali wa nazi. Kubadili dawa ni uamuzi wa daktari wake, si wa familia.

Nimokokasi ndio hao hao waleta nimonia. Mapafu yakielemewa huvuka kwenye damu, na damu yote hupita moyoni. Hujibandika kwenye vali, yaani mlango unaozuia damu kurudi nyuma, mara nyingi ile ya aota, mshipa mkuu utokao moyoni, wakajifunika damu iliyoganda kama chaza kwenye nguzo za gati. Vali haina mishipa ya damu ya kutosha, na ndani ya ganda lile kinga ya mwili haipenyi. Ndiyo maana penisilini au seftriaksoni hupitishwa kwenye mshipa kwa dozi kubwa, kwa kawaida wiki 4 au zaidi.

Kwamba moyo ulikuwa mzima si ajabu. Bakteria wengine hupenda vali iliyokwishaharibika. Hawa hushambulia hata nzima. Pombe nyingi, kisukari, VVU au kukosa bandama huwafungulia njia. Ni ugonjwa wa nadra, lakini mkali.

Vile vidonge vya siku tatu ndivyo vinavyonikera. Damu ya kuotesha bakteria maabara, ili wajulikane ni wepi, hutolewa kabla ya dawa, tena zaidi ya mara moja. Ukishameza dozi nusu, bakteria wanaweza wasiote kabisa na daktari akabaki anabahatisha.

Mwaka 1957 Robert Austrian, daktari wa Marekani, alieleza wagonjwa waliopata nimonia, homa ya uti wa mgongo na maambukizi haya ya vali kwa pamoja. Kwa hiyo kichwa kikimuuma sana, shingo ikakakamaa, au akaanza kuchanganyikiwa, mwiteni daktari papo hapo.

Eko ya moyo, kile kipimo cha mawimbi ya sauti, irudiwe, maana vali inaweza kutoboka ndani ya siku chache, homa ikiwa imeshuka. Akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, huenda akahitaji upasuaji, na hiyo ni rufaa ya Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ulizeni utaratibu wake leo, kabla hamjauhitaji.